Mtoto wa pumu na vumbi la Dodoma: nimhamishe?

*"Shikamoo daktari. Tulihamia Dodoma kutoka Tanga miaka miwili iliyopita kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Tunaishi Nkuhungu, kando ya barabara ya vumbi, na jirani anajenga. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Ikifika Juni, Julai anaanza kukohoa usiku, kifua kinalia filimbi, saa 9 usiku tuko macho. Amemeza sana vidonge vya salbutamol na antibayotiki, anapata nafuu siku chache halafu hali inarudi. Mwezi uliopita daktari alisema ni pumu, akamwandikia dawa mbili za kuvuta: ya bluu akibanwa, ya kahawia mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni kila siku. Ya kahawia niliiacha baada ya siku nne kwa kuwa sikuona mabadiliko, na majirani wanasema mtoto akizoea pampu haachi tena, moyo unachoka. Mama mkwe anataka nimrudishe Tanga, eti hewa ya bahari itamponya. Napikia mkaa barazani. Je, ni vumbi la Dodoma? Nimhamishe? Na hiyo ya kahawia ni lazima?"*

Marahaba mama, na pole kwa kukesha. Nitangulize majibu, maelezo yafuate. Usimhamishe kwa sasa. Dawa ya kahawia irudishe leo jioni, kwa kiwango kilekile alichoandikiwa. Na kabla hujahangaika na vumbi la barabarani, anza na moshi wa nyumbani. Vumbi la Dodoma linamkera, hilo sikatai. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, kinachomwamsha saa 9 usiku ni mirija ya hewa iliyovimba ambayo haijawahi kutibiwa ipasavyo, na mirija ya namna hiyo itachokozwa na chochote, awe Nkuhungu au awe Tanga.

Mtoto mwenye pumu, kuta za mirija yake ya hewa zina uvimbe hata siku ambayo anakimbia na wenzake na wewe huoni dalili yoyote. Ni kama ngozi iliyochubuka: hata maji ya kawaida yanaiwasha. Kichokozi kikiingia, misuli inayoizunguka mirija inajibana, uvimbe unaongezeka, na makohozi mazito yanaziba nafasi ndogo iliyobaki. Mirija ya mtoto ni myembamba tangu mwanzo, na hesabu yake ni kali: kipenyo kikipungua kwa nusu, ugumu wa hewa kupita hauwi mara mbili, unakuwa takriban mara 16. Ndiyo maana anaweza kula chakula cha jioni vizuri na saa 9 usiku akawa anavuta mbavu. Saa hizo pia homoni za mwili zinazotuliza uvimbe zinakuwa chini, na mirija kwa asili yake hubana zaidi usiku. Kikohozi cha alfajiri kwa mtoto wa pumu kinakuambia jambo moja, kwamba uvimbe haujadhibitiwa.

Sasa utaona kwa nini dawa ni mbili. Ya bluu, salbutamol, inalegeza misuli. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inadumu saa 4 hadi 6, lakini uvimbe haiugusi. Ya kahawia ni steroidi ya kuvuta, kwa kawaida beclometasone, na hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Inafanya kazi polepole: mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki moja hadi mbili, na faida yake kamili inaweza kuchukua miezi mitatu. Siku nne hazikutosha kuipima. Hapa wazazi wengi wanaangukia, na si kosa lao. Mara nyingi wanakabidhiwa dawa mbili dirishani bila mtu kuwaambia kwamba moja ina kasi na nyingine inataka subira.

Hofu ya majirani kuhusu moyo ina chanzo, ila imeelekezwa kwenye dawa isiyohusika. Mipulizo miwili ya bluu ina maikrogramu 200 za salbutamol, na sehemu ya dawa hiyo inafika pale pale penye tatizo. Kidonge kimoja cha miligramu 2 kina maikrogramu 2,000, yaani mara kumi, na lazima kipite tumboni na kwenye damu ndipo kidogo kifike kifuani. Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, mtoto kukosa usingizi, hayo hutokea zaidi kwa vidonge na dawa ya maji kuliko kwa dawa ya kuvuta. Vidonge hivyo havishauriwi tena kama tiba ya pumu pale dawa ya kuvuta inapopatikana. Antibayotiki nazo hazitibu pumu. Zinahitajika tu kama kuna maambukizi ya bakteria, mfano nimonia.

Kuhusu kuzoea: dawa ya kuvuta haimfanyi mtoto kuwa mtumwa wake. Anayeonekana hawezi kuishi bila pampu mara nyingi ni yule anayetumia ya bluu peke yake miaka na miaka huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Kutumia kopo tatu au zaidi za bluu kwa mwaka ni dalili kwamba mtoto yuko kwenye hatari ya shambulio kubwa. Kinachomkinga ni ya kahawia. Nayo ina madhara yake, nisikufiche. Inaweza kuacha utando mweupe mdomoni, ndiyo maana asukutue na kutema kila akimaliza. Inaweza pia kupunguza urefu kidogo: watoto waliofuatiliwa hadi utu uzima walipungukiwa na takriban sentimita moja. Pima sentimita hiyo dhidi ya usiku anaokosa pumzi, siku anazokosa shule, na steroidi za vidonge anazopewa kila akizidiwa, ambazo dozi yake ni kubwa zaidi. Kwa mtoto mwenye dalili kama za mwanao, mimi naona uzito uko upande wa dawa.

Lakini dawa nzuri ikivutwa vibaya inaishia kwenye ulimi. Mtoto wa miaka 6 hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na watu wazima wengi pia hawawezi. Anahitaji spesa, yaani chemba inayokaa kati ya pampu na mdomo. Kama ya dukani ni ghali au haipo, chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi vizuri. Ioshe kwa sabuni, kisha chora kwenye kitako chake umbo la mdomo wa pampu. Pasha waya mnene motoni, upinde ufuate umbo hilo, toboa kwa kuyeyusha plastiki. Tundu libane pampu bila kuacha upenyo. Ukiacha nafasi, dawa inatokea hapo, na hili ndilo kosa la kawaida. Zungushia gundi au plasta. Lainisha kingo na kung'uta vipande vyote vya plastiki kabla mtoto hajavuta chochote. Mdomo wa chupa ndio anaoweka kinywani.

Tikisa pampu kwa sekunde 10. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi, puliza kwanza hewani mara mbili hadi nne. Mtoto akae wima au asimame, afunge midomo vizuri kuzunguka mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu, kisha apumue taratibu ndani na nje mara 5 au 6. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo kunafanya matone yagongane na kuganda kwenye plastiki. Chupa ioshe mara moja kwa wiki kwa maji yenye sabuni kidogo, uiache ijikaukie kivulini. Usiifute ndani kwa kitambaa, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa inapata chaji ya umeme na kunasa dawa. Ikipasuka, tengeneza nyingine.

Kopo nyingi zina mipulizo 200. Kwa mipulizo minne kwa siku, itatosha siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya maka kwenye kopo lenyewe, kwa sababu kopo lililokwisha dawa huendelea kutoa hewa na sauti ileile, na kulielesha kwenye maji hakukuambii ukweli. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sasa nije kwenye vichokozi. Naanza na usichokitaja: mafua. Mashambulizi mengi ya pumu kwa watoto wa umri wa shule, karibu manne kati ya matano, huja na virusi vya mafua. Angalia kalenda yako. Julai shule zinafunguliwa, watoto wanakaa wamebanana darasani wakibadilishana mafua, na wakati huohuo ndiyo miezi ya baridi hapa kwetu, usiku unashuka hadi nyuzi 14 au chini ya hapo. Hewa baridi na kavu inabana mirija kwa yenyewe. Ukijumlisha moshi wa asubuhi unaotulia chini kwa kukosa upepo, una sababu tatu kabla hatujafika kwenye vumbi. Anza daftari dogo: tarehe, amekohoa usiku au la, ana mafua au la, upepo, nani amechoma nini. Baada ya wiki nne utajua vichokozi vyake kuliko mtu yeyote.

Moshi nauweka mbele ya vumbi kwa sababu ya ukubwa wa chembe. Chembe nyingi za vumbi la barabarani ni kubwa, zinanaswa puani na kooni. Zinawasha, zinaleta chafya na kikohozi, lakini sehemu inayofika ndani ni ndogo. Chembe za moshi wa kuni, mkaa na takataka nyingi ziko chini ya maikromita 2.5, na hizo zinapita hadi kwenye mirija midogo kabisa. Mkaa unatoa moshi mwingi zaidi wakati wa kuwasha, hasa ukiwashwa kwa mifuko ya plastiki. Washa jiko uwanjani, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani, usogeze barazani mkaa ukishakuwa mwekundu, na mtoto awe mbali kwa dakika hizo 20 au 30. Maharage na makande ndiyo yanayokula mkaa mwingi. Ukiweza kupika hivyo viwili tu kwa presha kuka ya umeme au gesi, umeondoa sehemu kubwa ya moshi bila kubadili jiko zima. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kuondoa baridi ya Julai. Licha ya pumu, hewa ya kaboni monoksidi inaua familia nzima ikiwa usingizini.

Koili ya mbu ni moshi pia. Vipimo vya koili za China na Malaysia vilivyochapishwa 2003 vilionyesha kwamba koili moja ikiungua yote inatoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Tumia neti. Udi na ubani chumbani anapolala mtoto, dawa ya mbu ya kupuliza, sigara hata ikivutiwa dirishani, yote yasogezwe mbali naye. Kujifukiza ndiyo kabisa: mvuke wenye majani makali unaweza kumbana hapohapo, na sufuria ya maji ya moto imeunguza watoto wengi. Takataka zinazochomwa na jirani jioni zinahitaji mazungumzo ya ujirani mwema. Watu wengi hukubali wakielezwa kuna mtoto wa pumu ukuta wa pili.

Vumbi lenyewe huwezi kulimaliza, hasa Agosti hadi Oktoba upepo unapokaza na jiji linajengwa kila upande, ila unaweza kulipunguza pale anapolala na anapokaa muda mrefu. Chumba chake kiwe upande usiotazama barabara. Funga madirisha ya upande wa barabara kuanzia upepo unapopanda mchana, fungua ya upande mwingine. Nyumba isizibwe kabisa, maana utafungia moshi na mafua ndani. Ndani deki kwa tambara la maji badala ya kufagia kavu. Mtoto awe nje ya chumba wakati huo na nusu saa baadaye. Maji ya kufulia yaliyobaki nyunyizia mbele ya mlango, najua maji ya Dodoma si ya kumwaga ovyo. Kokoto au nyasi kwenye uwanja wa mbele zinasaidia kuliko kumwagilia. Jirani anayejenga mwombe alowanishe mchanga kabla ya kuchekecha, na siku za kuchanganya saruji mtoto abaki ndani au kwa rafiki. Barakoa ya kawaida inapunguza vumbi kubwa njiani, moshi haiuzuii.

Shuleni kuna usafi wa asubuhi. Zungumza na mwalimu wa darasa: mtoto apewe kazi ya kumwagilia miche au kufuta ubao kwa kitambaa kibichi, si kufagia uwanja mkavu. Mpira aendelee kucheza. Ikiwa anabanwa akikimbia, avute mipulizo miwili ya bluu dakika 10 hadi 15 kabla, na apashe mwili moto taratibu. Pampu ya bluu na chupa yake vikae shuleni kwa mtu mzima anayejua kuvitumia, si vilivyofungiwa ofisini. Kama mna ndugu wenye mashamba ya zabibu, mtoto asiwepo wakati wa kupuliza salfa, na wakati wa kupura na kupepeta mtama au uwele akae mbali upande upepo unakotoka.

Kuhusu Tanga. Mama mkwe anampenda mjukuu wake, na wazo la hewa ya bahari ni la zamani, lakini kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Kichokozi kimoja kikubwa cha pumu ya mzio ni vidudu vidogo sana vya jamii ya utitiri vinavyoishi kwenye magodoro na mito na kula magamba ya ngozi yetu. Havinywi maji, vinafyonza unyevu wa hewa, na unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 hivi kwa muda mrefu vinakufa. Ukame wa Dodoma unavipunguza. Pwani ndiko vinakostawi. Mtoto anaweza kuondoka kwenye vumbi la barabarani akaenda kulalia godoro lenye vidudu hivyo kwa maelfu, na ukungu wa kutani juu yake. Wapo watoto wanaopata nafuu wakihama, na wapo wanaozidiwa, huwezi kutabiri. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba akihamia huko bila dawa ya kahawia, ugonjwa umehama naye. Likizo ya Desemba aende kwa bibi yake bila wasiwasi, dawa zote mbili zikiwa kwenye begi. Hapa Dodoma vidudu hivyo huongezeka wakati wa mvua. Jua tunalo, anika godoro na mito mara kwa mara, na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Mende nao wadhibitiwe kwa kufunika chakula na kuziba nyufa, kwa sababu mabaki yao yanachokoza pumu.

Akibanwa, fanya hivi. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe bluu mipulizo 4 kupitia chupa, mmoja mmoja. Akitulia, mwangalie kwa karibu na umpeleke kliniki siku hiyo au kesho yake. Asipotulia ndani ya dakika 20, rudia mipulizo 4 na muanze safari ya hospitali, mkiendelea kumpa kila dakika 20 njiani, au mapema zaidi akizidi. Nenda mara moja, bila kusubiri dakika yoyote, ukiona hawezi kumaliza sentensi, ngozi kati ya mbavu na juu ya kifua inazama ndani, amekuwa mzito wa usingizi au hajielewi, au ulimi na fizi zimekuwa za kijivu au buluu. Kifua kilichokuwa kinalia filimbi kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena. Vilevile nenda kama nafuu ya bluu haidumu saa 3 au 4. Chukua bajaji au gari. Bodaboda usiku wa baridi na vumbi iwe chaguo la mwisho kabisa. Usimpe dawa ya kumlaza usingizi wala dawa ya kikohozi.

Jambo la mwisho: si kila filimbi ya kifua ni pumu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili pamoja na kukonda, homa za mara kwa mara au mtu nyumbani mwenye TB, apimwe TB, ambayo vipimo na dawa zake ni bure. Filimbi iliyoanza ghafla siku aliyopaliwa, na karanga ndiyo mhalifu wa kawaida hapa kwetu, inahitaji picha ya kifua na pengine kutolewa kitu kilichokwama. Kwa mwanao, kwa kuwa hali inakuja na kuondoka kwa msimu na anapata nafuu kwa salbutamol, pumu inaelekea kuwa sahihi. Hata hivyo nataka aonwe tena baada ya wiki 4 hadi 6 za kutumia kahawia bila kuruka, pale alipoandikiwa, au kwa daktari wa watoto Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Beba pampu zote mbili, chupa, na daftari lako, na mwombe daktari amtazame mtoto akivuta dawa mbele yake. Kabla dozi haijaongezwa, hilo ndilo la kwanza kukaguliwa. Akikaa miezi mitatu bila kukohoa usiku na bila kuhitaji bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mtazungumzia kupunguza dozi, ila kupunguza huko msikuanze Juni.